Chandarua cha Mashine

Desemba 1, 1998. Kashikishi.

Leo ziwa la Mweru limefungwa. Serikali ya Zambia imesema samaki waachwe wazaliane hadi mwisho wa Februari, na samaki hawajalalamika. Wanaolalamika ni sisi. Nyavu zimeanikwa juu ya mapaa. Wavuvi wamekaa mbele ya nyumba zao wakitazama maji kama wanaume waliofukuzwa wote na mwanamke mmoja. Friza yangu iko tupu. Nimeiosha kwa ndimu, nimeizima, na jenereta nimeifunika gunia.

Mimi nauza samaki. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo, upande wa Kongo; mume wangu alifia huku, nami nikabaki na jenereta yake, ambayo nimeifungua na kuifunga mara nyingi mpaka inanijua kuliko alivyonijua yeye. Miezi hii mitatu kila mwaka hunifanya mkorofi. Mwaka huu nimeamua kuandika badala ya kuchokoza majirani. Magazeti ya kufungia samaki nimeshayasoma yote, hata yenye magamba. Sasa nijisomee mimi.

Desemba 4.

Mvua. Jirani yangu Bana Chiti, yaani mama yake Chiti, ameuliza ninaandika nini. Nimemwambia naandika majina ya wanaoniomba chumvi. Leo ameenda kuomba kwa jirani mwingine, Dorica.

Desemba 9.

Mvua tangu alfajiri, na katikati ya mvua amefika Priscille, mtoto wa marehemu kaka yangu, juu ya lori la sementi. Mwenyewe alikuwa amelowa mpaka mifupa. Kilichokuwa kikavu ni furushi alilolikumbatia, limefungwa blanketi, juu ya blanketi plastiki. Bana Chiti akapiga vigelegele kutoka mlangoni kwake, akidhani tumeletewa mjukuu. Ilikuwa kompyuta.

Priscille anafundisha kemia kwenye chuo cha Lubumbashi, ambacho vita vimekifunga. Alisoma Ubelgiji, kisha akarudi, jambo ambalo familia bado inalijadili.

"Tantine," aliniambia, yaani shangazi, kabla ya kukaa, "ziwa ikifungwa, jenereta yako inalala miezi tatu. Si njo vile?"

"Inapumuzika. Na miye napumuzika."

"Mi naiomba. Pesa ya petroli iko. Kule Lubumbashi, na hii vita, umeme inakuja inasalimia, inaenda. Mashine yangu inataka umeme siku nzima."

"Ya kufanya nini?"

"Kutafuta dawa ya malaria."

Nikalitazama lile blanketi. Nikamwambia dawa ya malaria iko kliniki, mlango wa pili baada ya soko, wala haitaki jenereta.

"Ile inaanza kushindwa, Tantine. Wewe mwenyewe unajua."

Najua. Nani hajui? Unameza klorokini, unajikuna siku mbili kama umevaa upupu, homa inaondoka, halafu baada ya muda inarudi kama mtu aliyesahau kofia.

Nimekubali. Nimejiambia ni kwa ajili ya kaka yangu. Ukweli ni kwamba nimechoka kusikia ziwa likiwa kimya.

Desemba 10.

Leo nimeelezwa, na naandika nilivyoelewa. Aliyeelewa zaidi na aje anisahihishe.

Mdudu wa malaria akishaingia kwenye damu anakula damu. Ili aikate, ana kitu kama mkasi, kidogo kiasi kwamba hakuna macho yaliyowahi kukiona. Ila watu walitumia mionzi wakapata umbo lake, na umbo hilo limo kwenye kompyuta. Ukipata kitu cha kubana kinywa cha ule mkasi usifunge, mdudu anashinda njaa katikati ya chakula.

Vitu vya kubana viko maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kina umbo lake. Kuvinunua vyote na kuvijaribu kwenye damu, pesa ya serikali mbili haitoshi. Basi mashine inavichukua kwa picha tu. Inakigeuza kimoja hivi na vile ndani ya kinywa cha mkasi, inakipa alama, inakitupa, inachukua kingine.

"Ni mushenga," nikasema. "Anazunguka na picha za mabibi-arusi."

"Bon, ndiyo, mushenga."

"Na mushenga hajawahi kukosea?"

Priscille akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Tantine, mushenga anakosea kila siku. Mais bila yeye utaoa nani, na batu iko elfu na elfu?"

Rafiki yake André anafanya kazi kwenye maabara huko Ubelgiji. Amemshikia nafasi kwenye meza yake hadi mwanzo wa Machi: Priscille amtumie vitu kumi vilivyo bora, naye atavijaribu juu ya mdudu wa kweli. Baada ya hapo meza inapewa wengine, na kazi yake ya miaka yote itabaki picha. Machi ndipo pia ziwa linafunguliwa na friza yangu inadai jenereta yake. Kwa hiyo sote tuna siku moja ya mwisho, yeye, André na samaki.

Desemba 13. Jumapili.

Pasta amehubiri juu ya subira. Jenereta ilisikika mpaka kanisani. Watu wote walinigeukia, isipokuwa Priscille, ambaye hakuja.

Desemba 15.

Mtoto huyu ananichosha. Hasalimii majirani. Anakula akitazama kioo. Nimempikia bukari, ugali wa kwetu, na majani ya muhogo, akasema "merci" kwa kompyuta.

Desemba 16.

Kumbikumbi wametoka baada ya mvua ya mchana. Jioni ilipoanza kuingia, taa pekee mtaani ilikuwa kioo cha Priscille, na kumbikumbi wote wa Kashikishi wakakiona. Waliingia kwa dirisha kama wingu. Bana Chiti akafika na beseni la maji, akaketi mbele ya kompyuta, akawa anawachota.

"Awe, ba Emilienne," aliniambia, mkono umejaa mabawa, "hii taa yenu ni nzuri kuliko ya wavuvi wa chisense. Mutaiwasha na kesho?" Chisense ni dagaa wa ziwa hili.

Priscille alikuwa karibu kulia. Mabawa yalikuwa yameingia katikati ya herufi za kupigia. Nikaenda kitandani kwangu, nikakifungua chandarua, nikaja nacho, tukakifunga juu ya meza yake kutoka kwenye paa. Sasa mashine inakaa ndani kama bibi-arusi, na Priscille anaingiza mikono kwa chini.

Nyumba hii ina chandarua kimoja tu. Nimesema mimi ni mzee, damu yangu imeshakuwa chungu, mbu hawaitaki.

Desemba 19.

Leo nimetembelewa na serikali.

Bwana Kapembwa ni afisa wa samaki. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayevua wala kuhifadhi samaki wakati ziwa limefungwa, na anaifanya kwa pikipiki na kwa uso. Jenereta ya mfanyabiashara wa samaki inayonguruma tangu asubuhi hadi usiku mwezi wa Desemba, mtu hahitaji kusomea ili aishuku.

"Mwashibukeni mukwai," alinisalimu kwa Kibemba.

"Eya mukwai. Karibu, ba Kapembwa."

"Ba Emilienne, hii injini inalia nini?"

"Inalilia samaki."

"Fungua friza."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na diskete za Priscille, zimepangwa vizuri ndani ya mifuko ya samaki. Alikuwa amezificha humo zisipate unyevu, maana friza iliyozimwa hufunga kuliko kabati. Kapembwa akatoa moja, akaigeuza, akainusa.

"Hii inanuka samaki."

"Hata miye nanuka samaki. Utanifunga?"

Akataka kuona umeme unakwenda wapi. Akaufuata waya kwa kidole kutoka jenereta hadi chumba cha ndani, akasimama mbele ya chandarua. Huko ndani Priscille alikuwa ameuwasha ule mkasi kwenye kioo, unazunguka polepole, una rangi kama kitambaa cha sikukuu.

"Ni nini?" akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Priscille alimweleza. Nilidhani atamweleza kwa kiburi, kama anavyonieleza mimi bei ya betri. Hapana. Alimweleza vizuri, hatua kwa hatua, na Kapembwa hakukatiza.

"Dawa itakuja lini?"

"Kama bahati iko, miaka kumi."

"Kumi? Mtoto wangu Chisomo ana mitatu. Mwezi uliopita klorokini mara mbili, homa mara tatu."

"Basi atakuwa na kumi na tatu," alisema Priscille. "Atakuwa bado anaihitaji."

Kapembwa akavaa kofia. Mlangoni aliniambia atakuwa anapita kila siku kusikiliza injini, ili ajue haijabadilisha kazi. Nikamwambia masikio ni yake.

Desemba 25.

Krismasi. Kuku. Mashine imefanya kazi. Kapembwa amepita, amesikiliza, ameenda.

Januari 3, 1999.

Priscille amekosea vibaya leo, na mwenyewe hajui bado. Alinunua vitumbua kwa Bana Chiti. Bana Chiti akampa alivyolipia, halafu juu yake akamwekea kimoja kidogo kilichopinda, mbasela. Priscille akakirudisha: "Mama, umekosea kuhesabu."

Bana Chiti alikuja kwangu akiwa amevimba kuliko vitumbua vyake. "Ba Emilienne, yule mtoto wa shule amenikatalia mbasela. Ananiona mimi ombaomba?"

Nimemweleza Priscille: huku muuzaji akikuongezea kidogo juu, si kosa na si sadaka. Anakuambia urudi kesho. Ukikataa, umemwambia hurudi. Ameenda kuomba radhi, amerudi na vitumbua vingi kuliko tunavyoweza kula.

Januari 8.

Mvua. Mashine imefika katikati ya vitu vyake. Priscille alianza na vikubwa, maana vinachukua muda. Vidogo vimeachwa mwisho. Leo aliimba.

Januari 11.

Kichwa kinaniuma. Ni moshi wa jenereta.

Januari 12.

Sio moshi.

Januari 26.

Naweza kushika kalamu. Mwandiko ni wa mtu mwingine, lakini mawazo ni yangu.

Kumbe damu yangu haijawa chungu. Mbu wa Kashikishi walikuja kwenye dirisha, wakaona mashine imelala ndani ya chandarua na mwanamke mzima amelala nje, wakachagua kama mtu yeyote mwenye akili. Ndiyo hali yetu: nyumba inayotafuta dawa ya malaria ilimpa chandarua mgonjwa asiyeweza kuugua.

Niliugua kwanza kwa ukaidi. Nilimeza klorokini, nikajikuna kwenye ukuta mzima, nikasema nimepona. Siku chache nilikuwa juu ya miguu. Halafu homa ikarudi, na safari hii haikupiga hodi. Sikumbuki mengi. Nakumbuka nilikuwa nikimuuliza marehemu mume wangu kama amezima friza. Nakumbuka baridi, katika mwezi ambao mbuzi hutafuta kivuli. Nakumbuka Bana Chiti akisema mlangoni, "Mayo, msimwache alale tu!" na mikono ya watu ikinibeba, na mkono mmoja ulikuwa wa Priscille, mwembamba, una nguvu nisizozijua.

Kliniki walinitia kwinini kwa maji ya mshipa. Kwinini inaleta kengele masikioni. Nilisikia kengele siku nzima na nikafikiri ni jenereta, nikatulia: kazi inaendelea. Kisha nikafungua macho nikamwona Priscille amekaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, kitambaa cha maji mkononi.

"Juu ya nini uko hapa?" nikamuuliza. "Na mashine?"

"Imelala."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulianguka."

"Ungeita mutu wa jenereta!"

"Mutu wa jenereta ni wewe, Tantine."

Alisema hivyo bila kulalamika, akakamua kitambaa, akakirudisha kwenye paji la uso wangu. Na mimi, niliyeandika humu kwamba anasema merci kwa kompyuta, nikageukia ukuta ili asinione.

Jenereta ina tabia zake. Ina waya ambao lazima uushike kwa pembeni, na kifuniko cha hewa unachokifunga nusu kwa kokoto. Sikuwahi kumwonyesha mtu, kwa sababu kitu unachokijua peke yako ni mali, kama ng'ombe. Basi ng'ombe wangu alikuwa amelala, mashine imezimika katikati ya kazi, na hesabu ya siku zile ambayo haikuwa imehifadhiwa imepotea. Priscille alikuwa na wiki chache tu zimebaki, naye alikaa kwenye sakafu ya kliniki akinipepea.

Niliporudishwa nyumbani, niliyemkuta uani ni Kapembwa, amepiga magoti mbele ya jenereta, mikono myeusi.

"Ba Emilienne," alisema kwa hasira, "nilipita kusikiliza, sikusikia. Kesho yake tena, kimya. Nikasema hawa watu wamenidanganya, wameacha kazi!"

Tangu nimjue, huyu mtu alikuwa akikasirishwa na kelele. Sasa anakasirishwa na kimya.

"Hii haiwaki," aliendelea. "Mimi najua injini za boti, lakini hii ina mashetani."

Wakaniweka kwenye kiti chini ya veranda, na shuka mabegani. Nikamwonyesha waya. Nikamwonyesha kokoto. Akavuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, ikawaka, na Priscille akatoka ndani mbio, mikono kichwani, kama mtu aliyesikia mtoto akilia baada ya kimya.

Petroli ilikuwa imeshamwagwa ndani, tangi limejaa. Sikuuliza ametoa wapi. Aliniambia mwenyewe wakati wa kuondoka: "Ni ya pikipiki yangu. Sasa natembea kwa miguu." Na akaenda kwa miguu.

Januari 27.

Priscille amekitoa chandarua kwenye mashine, amekifunga kitandani kwangu. Nimekataa. Ameniambia kwa Kifaransa cha chuo kikuu ninyamaze. Mashine imefunikwa kanga yangu ya mazishi.

Februari 7.

Mvua kubwa. Kapembwa amekuja asubuhi kuwasha jenereta mwenyewe, anasema nisivute kamba bado. Anajua kuiweka kokoto sasa. Nimeona wivu kidogo.

Februari 12.

Chisomo, mtoto wa Kapembwa, ana homa tena. Hakuja leo. Tumewasha wenyewe. Priscille alizunguka uani siku nzima.

Februari 14.

Chisomo anakula. Kapembwa amekuja, amevuta kamba, ameenda.

Februari 21.

Mashine imemaliza. Siyo vyote; wiki zilizopotea hazikurudi. Lakini vile vidogo, vilivyoachwa mwisho, vinapita haraka, na imevimaliza.

Priscille alinionyesha vile kumi vya juu. Vyote ni vinene, vina mikono na miguu kila upande, vimejaza kinywa cha mkasi mpaka vinamwagika nje. Hakuwa na furaha.

"Nini tena? Si njo kumi?"

"Mashine inahesabu kila mahali kintu inagusa, Tantine. Kikubwa kinagusa sana, kinapata alama sana. Kila mutu wa kazi hii anajua ile ulemavu yake."

Nikamwambia mtu mnene kwenye mtumbwi anamgusa kila abiria, haina maana anapendwa.

"Voilà," akasema. Halafu, taratibu, kama anayenionyesha picha ya mchumba asiye na mali, akafungua kingine. Kilikuwa kidogo, kama herufi moja iliyopinda. Kilikuwa kimeingia ndani kabisa, pale kwenye kiungo cha mkasi, hakuna kilichobaki nje. Alama zake zilikuwa duni. Kilikuwa mbali sana chini ya vile kumi.

"Hiki mi nakipenda. Mais kupenda haiko alama. André ana nafasi kumi. Nikitoa kikubwa kimoja juu ya hiki, ataniuliza sababu, na sababu sina."

"Usitoe kimoja. Peleka kumi, na hiki juu."

"Kumi ni kumi, Tantine."

"Kumi bila mbasela? Unataka arudi ao hutaki?"

"Kule haiko soko."

"Yeye anakupa meza, wewe unamupa bintu. Ni soko. Na mbasela nani anachagua?"

Akafikiri. "Muuzaji."

"Mununuzi anaweza kukataa?"

Hapo ndipo akacheka, akainamia herufi. Amemwandikia André kwamba vitu ni kumi kama walivyopatana, na cha kumi na moja ni desturi ya ziwa la Mweru; akikikataa, atakuwa amenitukana mimi, shangazi yake Priscille.

Februari 25.

Kapembwa ameitwa Lusaka kwenye mkutano wa maafisa wa samaki. Huko kuna mahali pa intaneti pa kumtumia André kazi yetu. Amepewa diskete ndani ya mfuko wa samaki, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya soksi. Ameiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

"Ukiipoteza?" nikamuuliza.

"Awe mayo. Mimi nimekamata nyavu za watu miaka yote, sijawahi kupoteza hata moja."

Hilo ni kweli, na ndiyo maana hana marafiki.

Machi 1.

Ziwa limefunguliwa! Mitumbwi ilitoka kama watoto wa shule. Kufikia adhuhuri soko lilikuwa limejaa chisense, linameremeta, na kila mtu anapiga kelele kama aliyefufuka. Friza imewashwa. Mashine imezimwa. Nyumba inanuka vizuri tena.

Machi 4.

Kapembwa amerudi. Imeenda, anasema, aliiona ikienda. Nimemuuliza inaonekanaje ikienda. Amesema kuna mstari unaojaa, na ulipojaa yeye alipiga makofi, na watu wa pale walimtazama.

Machi 19.

Watu wanaokimbia vita wanavuka kutoka Kongo, upande wa Moba na Pweto, wengi, wamebeba magodoro. Priscille ameacha kusubiri simu ya André. Yuko kliniki kila siku anatafsiri Kiswahili chao kwa manesi. Anawasalimia majirani wote kwa majina. Chuo chake bado kimefungwa.

Machi 28.

Hakuna habari.

Aprili 4.

Pasaka. Hakuna habari. Kristo amefufuka.

Aprili 9. Ijumaa.

Ujumbe ulifika kwamba André atapiga simu posta ya Nchelenge. Tulikwenda watatu, Kapembwa alisema ana kazi ya kiserikali upande huo, na alipoulizwa ni ipi alisema anasindikiza.

Simu ikalia. Priscille akashika, na mimi nikasimama karibu kiasi cha kukanyaga viatu vyake. Nilisikia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa "non." Non, akatikisa kichwa. Non tena. Kila non niliyoisikia Kapembwa aliniangalia mimi, kana kwamba nimeipika. Vile vikubwa, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vikianguka.

Halafu akaacha kutikisa kichwa. Akageuka ukutani, akaziba sikio la pili kwa kidole. Akasema, "Rudia." Kwa Kiswahili, alikuwa amesahau anaongea na nani.

Alipoweka simu chini alitutangulia nje kwenye jua.

"Zile kumi zimeshindwa," alisema. "Nyingi hazikuyeyuka hata ndani ya maji. Moja iliua mududu, na iliua kila kintu kingine karibu yake."

"Na mbasela?"

"Imebana mukasi, Tantine. Haiko dawa. Iko zaifu, mududu hafi wote, anapungua. Mais inabana pale pale mashine ilisema. Walirudia kazi, inabana." Machozi yalikuwa yakishuka na hakuwa akiyafuta. "André anasema ni mwanzo wa kweli. Anaomba ndugu zake. Vidogo vyote vya ile ukoo. Ametushikia meza tena, na kwenye karatasi zao wameiandika jina lake Mbasela, juu hawakujua jina ingine."

Mnunuzi amerudi. Sikulisema kwa sauti. Mtu mwenye adabu hajisifu mbele ya posta.

"Kwa hiyo miaka kumi," akasema Kapembwa.

"Labda kumi, ndiyo."

"Desemba ulisema kumi. Miezi imepita. Sasa ni tisa na kitu."

"Ba Kapembwa, sayansi haiendi vile…"

"Nahesabu tu," alisema, akatembea mbele yetu, akipiga mluzi.

Njiani nimeamua. Nusu ya samaki wangu nitawakausha kwa moshi, kama mama yangu alivyofanya maisha yake yote bila mtu kumdai friza. Asubuhi jenereta itakuwa ya samaki. Kuanzia mchana ni ya mashine. Priscille ameanza kunishukuru, nikamwambia aanze kwa kujifunza kokoto.

Aprili 10.

Jua. Nimekwenda sokoni kununua chandarua cha pili, ili Priscille naye apate cha kulalia. Muuzaji, Olipa, akakikunjua, akaniuliza:

"Ba Emilienne, hii ni ya kuvulia chisense?"

"Hapana."

"Ya kompyuta?"

Soko lote linajua.

"Ya kompyuta iko nyumbani," nikasema. "Hii ni ya mutu."

Akakifunga. Kisha, bila kuulizwa, akaweka juu yake vipande vya kamba za kukining'inizia. Sikukataa.